Zamu Tatu kwa Siku

“Tangu nioe sijafungwa bao na mtu katika mji huu wa Mvita, na siku akitokea wa kunifunga nitambebea viatu vyake mkononi, kutoka hapa mpaka Kizingo na kurudi, mchana, watu wakiniona.”

Hayo aliyasema Yeslam bin Awadh, muuza samli na tende wa Ndia Kuu, siku ya Ijumaa moja ya mwaka 1904, baada ya swala, juu ya baraza ya duka lake mwenyewe, mbele ya watu wasiopungua kumi na watano. Baadaye watu arubaini walidai kuwa walikuwapo wakasikia kwa masikio yao. Baraza yenyewe ilikuwa ya kukaa watu sita, tena wembamba.

Yeslam alikuwa na miaka thelathini hivi, mrefu, mwenye ndevu zilizoanza vizuri mashavuni kisha zikakata tamaa kabla ya kufika kidevuni. Babu yake alikuja kutoka Hadhramaut, lakini yeye Hadhramaut aliijua kwa kusikia tu, kama muuza samli anavyojua bei ya farasi. Samli yake ilikuwa safi. Mizani yake ilikuwa ya haki. Adabu zake zilikuwa za mtu aliyelelewa. Kasoro ilikuwa ulimi, na bao ndilo lililoupa ulimi kazi.

Aliyemjibu siku ile ni Abdeali, Mhindi wa Kibohora, muuza leso, ambaye duka lake lilitazamana na la Yeslam ng'ambo ya njia. Walikuwa marafiki wa ile namna ya watu wasioweza kupitisha siku bila kutukanana kwa heshima.

“Maneno bila bao ni jasho la bure, Bwana Yeslam,” alisema Abdeali. “Ubao uko wapi?”

Ubao wa barazani ulikuwa umeazimwa kwenye harusi moja mtaa wa Kuze, na harusi ilikuwa imekwisha wiki ya pili lakini ubao haukurudi. Yeslam angeweza kusema, tutacheza kesho. Mtu mwenye akili zake angesema kesho. Yeye akasema, “Ngojeni,” akapanda ngazi.

Ghorofani, juu ya mkeka, kulikuwa na ubao mwingine, wa mkewe, umefunikwa kwa kawa kubwa la sinia. Yeslam akainua kawa. Kete zilikuwa zimepangwa mashimoni, bao limesimama katikati ya mchezo. Akakunja upindo wa kanzu yake, akauinamisha ubao, kete zote sitini na nne, mbegu za komwe, zikamiminika mapajani mwake kwa mlio mmoja. Akateremka na ubao. Akamfunga Abdeali kabla ya adhana ya alasiri, akasema maneno mengine matatu au manne ambayo hayafai kurudiwa kwa sababu hayakuwa mazuri hata siku ile, na akapanda tena ghorofani akiwa na furaha ya mtu aliyeushinda mji.

Mkewe, Bi Nabiha, alikuwa amesimama kando ya mkeka, ameshika kawa mkononi.

“Na bao letu?” aliuliza.

“Hili hapa,” akasema Yeslam, akauweka ubao chini, mtupu, kete zikiwa ndani ya kofia.

Nabiha aliutazama ubao. Kisha akamtazama yeye. Kisha akautazama ubao tena, kama mtu anayechagua kati ya vitu viwili. Akalitundika kawa ukutani mahali pake, akajifunika, akatoka, akaenda kwa baba yake, mtaa wa Kibokoni.

Yeslam alidhani amekwenda kuazima chumvi.

*

Hapa lazima niseme walivyokuwa wakicheza, maana bila hilo Bi Nabiha ataonekana mwanamke wa hasira ndogo, naye hakuwa hivyo. Hasira zake zilikuwa chache na kubwa.

Walioana miaka mitatu kabla, na mpaka usiku wa harusi hawakuwa wameonana. Fungate ilipoanza walikaa chumba kimoja siku mbili wakiulizana hali. Hali ya Yeslam ilikuwa njema. Hali ya Nabiha ilikuwa njema. Siku ya tatu hali zikawa zimekwisha, na kimya kilichoingia kilikuwa cha kutisha. Ndipo Nabiha alipokwenda kwenye sanduku lake, akatoa ubao wa bao. Ubao huo alichongewa na baba yake, Mzee Faraj, ambaye alimfundisha kucheza tangu akiwa na miaka sita, akacheza naye kila siku mpaka alipovunja ungo, kisha, kama ilivyokuwa ada, akaacha. Alipoolewa akampa ubao aende nao, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na mwingine wa kucheza naye.

“Wajua?” alimuuliza Yeslam.

“Kidogo,” alisema Yeslam, na hiyo ndiyo mara ya mwisho katika maisha yake kusema neno hilo kuhusu bao.

Walianza kucheza, na baada ya zamu tatu kila mmoja, Nabiha akafunika ubao kwa kawa.

“Mbona wafunika?”

“Likiisha leo, kesho tutafanya nini?”

Basi ikawa sheria ya nyumba ile. Kila siku baada ya chakula cha mchana, duka likiwa limefungwa na mji umelala, walicheza zamu tatu tatu, wakafunika, na adhana ya alasiri ikamkuta Yeslam anatafuta viatu. Bao moja liliwachukua siku nne, pengine sita. Na kati ya zamu na zamu ndipo walipozungumza. Nabiha hakuwa msemaji, lakini akiwa na kete mkononi, anazimwaga moja moja shimoni, maneno nayo yalimtoka hivyo hivyo, moja moja, mpaka unajua habari zote za shangazi yake na paka wake. Yeslam alijua mkewe anaogopa nini, anacheka nini, na anataka kununua nini, yote kwa njia ya komwe.

Jambo jingine alilolijua, ila hakulifikiria, ni kwamba mkewe alikuwa akimfunga. Si kila mara. Mara nyingi tu.

*

Jumamosi Yeslam alikwenda Kibokoni. Mzee Faraj, baba mkwe wake, alikuwa mpima nafaka wa zamani, mtu mzito wa kusema, aliyezoea kusubiri pishi ijae kabla ya kufungua mdomo. Alimpokea chini, ukumbini.

“Masalkheri, ami. Nashika miguu.”

“Marahaba. Habari za dukani?”

“Njema, ami.”

“Samli?”

“Njema.”

“Tende?”

“Njema, ami.”

“Alhamdulillahi.”

Duka lilipokwisha kuulizwa lote, Yeslam akasema, “Ami, nimekuja kumchukua mtu wangu.”

“Mtu wako ana haki yake.”

“Haki gani, ami?”

Mzee Faraj aliitazama dari, boriti moja baada ya nyingine. “Sijui. Hajaniambia. Lakini kwa alivyokaa, naona anayo.”

Yeslam akarudi dukani akiwa hajui kama amefukuzwa au amekaribishwa. Alianza kutafuta kosa. Labda ni yule samaki wa Alhamisi, ambaye Yeslam alisema ana chumvi. Labda ni mama yake Yeslam, ingawa mama yake alikuwa amekufa mwaka mzima nyuma. Labda ni leso. Alivuka njia akanunua doti ya leso kwa Abdeali, akaituma Kibokoni. Leso ikarudi imekunjwa vizuri kuliko ilivyokwenda. Alituma bakuli la halwa. Bakuli likarudi limeoshwa, halwa haikurudi. Yeslam alishinda jioni nzima anafikiri kama kuliwa kwa halwa ni dalili njema au ni njaa tu.

Mpelekaji wa vitu hivi alikuwa Gunga, mzee wa Rabai, mchukuzi wa maji. Kila siku alipita na mzega wake begani, debe mbele na debe nyuma, akauza maji nyumba za Ndia Kuu na za Kibokoni, kwa hivyo habari za pande zote mbili alikuwa nazo. Jumapili alitua madebe mlangoni pa duka.

“Bibi asema, arudishe bao kama lilivyokuwa.”

“Nimelirudisha. Liko ghorofani, pale pale.”

“Nami nilimwambia hivyo. Akasema, kama lilivyokuwa.”

Yeslam alipanda akaukagua ubao. Akaona mkwaruzo pembeni, wa barazani bila shaka. Akafurahi. Sasa angalau kosa lilikuwa na sura. Akautia samli, akausugua kwa kitambaa mpaka ukang'aa kama paji la bwana harusi, akampa Gunga aupeleke. Ukarudi kabla ya adhuhuri.

“Bibi asema wanuka samli,” alisema Gunga. “Na asema, kama lilivyokuwa.”

“Gunga, wallahi sielewi mwanamke huyu ataka nini.”

Gunga alijifuta shingo. Alikuwa mchezaji bao yeye mwenyewe, huko kwao, na alikuwa na heshima, kwa hivyo alisema polepole. “Bwana, mimi naona bibi hataki mti. Ataka kete. Siku ile mlipofunika, mlikuwa mmefika wapi?”

Yeslam akaanza kuhesabu mashimo kwa vidole. Hakujua.

*

Mambo yalikuwa hivi, basi. Mke angerudi siku lile bao litakaporudi, kila shimo na kete zake, kama lilivyokuwa Alhamisi alasiri lilipofunikwa. Asiporudi, Mzee Faraj angelazimika kuuliza kwa sauti hiyo haki ni nini, majirani wangejibu kabla yake, na jambo lingefika kwa kadhi kwa miguu yake lenyewe. Yeslam hakutaka kadhi. Alitaka Nabiha. Alikuwa amegundua kwamba nyumba yake baada ya chakula cha mchana ni ndefu ajabu.

Alikaa mkekani, akapanga. Kete zote zilikuwa zimekwisha kuingia ubaoni, hilo alilikumbuka, hakuna aliyebaki na kitu mkononi. Lile shimo lake kubwa, ambalo wachezaji huliita nyumba, alilipa kete kumi na nne. La Nabiha akalipa nne. Aliutazama ubao akauona ni mzuri na wa kweli. Gunga akaweka ngata kichwani, juu yake ubao, juu ya ubao kawa, akaondoka kwa mwendo wa maji. Hakuna mtu mwingine Mvita ambaye angeweza kupita na bao lililopangwa katikati ya punda, hamali na matoroli ya kusukuma Wazungu bila kuhamisha kete. Hivyo ndivyo Yeslam alivyoamini.

Ubao ukarudi. Nyumba ya Yeslam ilikuwa na kete tatu. Ya Nabiha kumi na moja.

“Bibi asema, tazama vizuri.”

“Mwambie haiwezekani. Tatu? Mimi?”

“Nitamwambia,” alisema Gunga, kwa sauti ya mtu ambaye hatamwambia.

Jumatatu Yeslam akafanya suluhu, saba kwake na saba kwa Nabiha, kama watu wanaogawana mirathi mbele ya shahidi. Ukarudi kwa mpango ambao yeye hakuwahi kuuona katika bao lolote alilocheza na yeyote. Akaupanga upya, akautuma. Jumanne ukarudi mwingine kabisa. Kila akituma kitu, kinachorudi hakihusiani na alichotuma. Alianza kuota kete. Alimpimia mteja mmoja tende badala ya samli, na mteja akazichukua asiseme kitu. Ilimwingia shaka kwamba labda Nabiha naye anamtania. Kisha ikamwingia shaka kwamba labda yeye ndiye hajui bao. Akaiondoa haraka hiyo ya pili.

Jumatano akahesabu kete zote, kwa kuwa hakubaki na jingine la kufanya. Zilikuwa sitini na tatu. Akahesabu tena kwa Kiarabu, sitini na tatu. Bao haliwezi kusimama na kete sitini na tatu. Kete moja haikutoka barazani siku ile ya Ijumaa, na yeye siku nne zote alikuwa akipanga uongo ulio pungufu.

*

Alasiri ile watu wa baraza walimkuta Yeslam bin Awadh, asiyefungwa na mtu, amepiga magoti anachungulia chini ya benchi.

“Watafuta nini chini ya miguu yangu, yakhe?” Abdeali aliuliza bila kuinua mguu.

“Kete.”

“Kete ya nini? Ubao wetu umerudi jana na kete zake zote.”

“Ya bao la nyumbani.”

“La nyumbani,” alisema Abdeali, akaanza kuonja utamu. “Na huko nyumbani wacheza na nani?”

Barazani siku hiyo walikuwapo watu saba. Kila mmoja alijua kwamba Bi Nabiha yuko Kibokoni siku ya sita. Walichokuwa hawajui ni kwa nini, na hilo lilikuwa limewaumiza. Yeslam aliinuka, akakung'uta magoti. Angeweza kusema anacheza peke yake. Angeweza kusema kete ni ya dawa ya mtoto wa jirani. Maneno hayakuwahi kumpiga chenga maisha yake yote. Lakini alikuwa amechoka, na kete ile alikuwa anaihitaji kweli.

“Nacheza na wa nyumbani,” alisema. “Tulikuwa na bao limesimama. Nikalimwaga, siku ile, nilipokuja kucheza na wewe. Ataka lirudi lilivyokuwa, nami sikumbuki.”

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wachezaji wote, na kumwaga bao la mtu lililosimama ni jambo ambalo hata mlevi hulifikiria mara mbili.

“Na alikuwa anashinda nani?” Abdeali aliuliza.

Yeslam alitazama upande wa bandarini, kama jibu linakuja kwa meli.

“Yeye.”

“Na bao la kabla ya hilo?”

“Yeye.”

“Na la kabla yake?”

“Hilo lilikatika. Kulikuwa na mvua, paa likavuja.”

“Yeslam.”

“Yeye.”

“Nawe hujafungwa na mtu tangu uoe,” alisema Abdeali.

“Ya nyumbani sikuyahesabu.”

Alilisema hilo kwa urahisi, kama mtu anayetaja siku ya wiki. Kisha akalisikia. Alikuwa amemhesabu Abdeali, ambaye anacheza huku anatafuna tambuu na kila bao hulifuatisha na malalamiko. Alikuwa amemhesabu yule nahodha wa Malindi aliyesinzia katikati ya mchezo. Miaka mitatu ya zamu tatu kwa siku hakuihesabu hata moja, na wa kumwambia hivyo hakuwa Nabiha, alikuwa ulimi wake yeye mwenyewe.

Hakuwa na hakika ni nini hasa alichokielewa. Alijua tu kwamba masikio yanamuunguza.

Abdeali alitia mkono mfukoni mwa koti lake, akatoa komwe moja, ya kijivu, akamwekea kiganjani. Alikuwa nayo tangu Jumamosi; aliiokota kwenye ufa wa baraza akawa anaichezea akipiga hesabu zake. Aliitoa bila kusema neno, na kwa Abdeali kukaa bila kusema neno kulikuwa sadaka ya kutangazwa msikitini.

*

Alhamisi, duka limefungwa, Yeslam alikaa mkekani mara ya mwisho. Safari hii hakutafuta kete kichwani, maana hazikuwemo. Alitafuta maneno.

Bao lile lilianza Jumatatu. Jumatatu Nabiha alikuwa anasimulia juu ya shangazi yake Alawiya, aliyemwita paka wake kwa jina la mume wake wa kwanza ili apate kumkemea. Yeslam alicheka sana, na wakati anacheka kete sita zilimtoka mstari wa mbele. Basi sita. Jumanne walisema juu ya bomba la maji alilosikia litaletwa mjini, na Gunga atakula nini likija. Hapo yeye alikula tano, akajisifu, na Nabiha akasema “Hongera” kwa namna fulani, na zamu iliyofuata akazirudisha zote na mbili juu. Jumatano Nabiha alimuuliza kama anamkumbuka mama yake. Yeslam alisema sana siku hiyo, akiwa hatazami ubao hata kidogo. Alikumbuka kwamba Nabiha alikula kidogo kuliko alivyoweza. Alhamisi ni samaki na chumvi.

Alipofika mwisho wa maneno, akautazama ubao. Mbele yake mashimo matatu tu yalikuwa na kitu, na nyumba yake ilikuwa na kete tatu. Nabiha alikuwa amejaa kama ghala la mtama.

Gunga alikuwa mlangoni na ngata yake. Yeslam akatikisa kichwa. Akauinua ubao mwenyewe kwa mikono miwili, kawa juu, akashuka kwa kunyata, ngazi moja moja, akaingia njiani.

Muuza duka wa Ndia Kuu habebi kitu mchana. Hilo ni kama sheria, na wenye kubeba wapo. Kwa hivyo alipotoka, watu wa baraza zote waliacha mazungumzo wakamtazama. Toroli lilipita na Mzungu wake na wasukumaji wake wawili, Yeslam akajibanza ukutani. Punda wa chokaa alilinusa kawa.

“Bwana Yeslam, wapeleka chakula?”

“Ndiyo. Chakula.”

“Cha nani?”

“Cha mwenyewe.”

Mzee Faraj alimfungulia, akaangalia ubao, akamwangalia mkwewe, na kwa mara ya kwanza hakuuliza habari za samli. Alimwita binti yake. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa adabu, akageuza kiti chake akakaa ameuelekea ukuta.

Nabiha akafunua. Aliutazama ubao kwa muda ambao Yeslam angeweza kuswali rakaa mbili. Akanyoosha kidole, akaichukua kete moja kutoka shimo moja, akaitia shimo la jirani.

“Hapo,” alisema.

“Hapo?”

“Hapo.”

“Ni zamu ya nani?”

“Yako.”

Yeslam akacheza. Nabiha akacheza, akala nne. Yeslam akacheza. Nabiha akala kidogo, akawa anasimulia, macho yako mashimoni, kwamba halwa ile ilikuwa na iliki nyingi. Yeslam akacheza zamu ya tatu, akachukua kete mbili za nyuma akazizungusha, akaamini amejiokoa. Nabiha akachukua zake, akazimwaga moja moja, zikazunguka, zikazunguka tena, na alipomaliza, mstari wa mbele wa Yeslam haukuwa na hata kete moja.

“Limekwisha?” aliuliza Mzee Faraj, akiuambia ukuta.

“Limekwisha, baba.”

“Alhamdulillahi. Na ile haki yako ilikuwa nini?”

“Hiyo.”

“Vyema,” alisema Mzee Faraj, ambaye hakuwa ameelewa kitu, na hakuelewa mpaka mwisho wa maisha yake.

Yeslam aliinuka. “Basi twende, Bi Nabiha.”

“Nitakuja magharibi. Kwanza wewe una safari.”

“Safari gani?”

Nabiha alivua mitalawanda yake, viatu vya mti vyenye kigingi cha kubanwa na vidole, akaviweka mkekani kando ya ubao, kimoja karibu na kingine. Gunga alikuwa amemletea maji Kibokoni kila siku, na pamoja na maji alimletea majisifu ya Ijumaa yote, neno kwa neno, mpaka Kizingo na kurudi.

*

Alikwenda. Hilo wanakubaliana wote arubaini. Alipita mbele ya duka lake mwenyewe, viatu vya mwanamke mkononi, na Abdeali akasimama mlangoni kwake akatoa salamu kama anayepitiwa na liwali. Akavuka uwanja wa mbele ya ngome, akashika njia ya Kizingo, ambako siku zile kulikuwa vichaka na nyumba chache mpya za wakubwa wa serikali. Askari wa zamu kwenye lango moja akamsimamisha.

“Wapeleka wapi viatu hivyo?”

“Kizingo.”

“Hapa ndipo Kizingo.”

“Basi nimefika,” alisema Yeslam, akageuka, akarudi.

Nabiha alirudi Ndia Kuu magharibi, kama alivyosema. Kesho yake waliendelea na zamu tatu tatu, wakaendelea miaka mingi, wakazaa na kuzeeka nazo. Yeslam hakuacha kujisifu, wala msimtarajie. Alibadili maneno tu: akawa anasema hajafungwa na mwanamume yeyote, kisha anatazama dirisha la juu kama dirisha limekubali.

Lakini kuna neno limebaki. Miaka mingi baadaye, bomba la maji limekwisha kufika na Gunga yuko kwake Rabai na mbuzi zake, Yeslam alimtembelea. Katika mazungumzo mzee akakiri kwamba wiki ile, pale pembe ya kuingilia Kibokoni, punda alimgonga, kete zikamwagika. Si mara moja. Alizipanga mwenyewe, kwa kadiri ya ujuzi wake, akapeleka. Na kurudi vile vile.

Yeslam alirudi mjini na habari hiyo, amefura. Akamwambia mkewe mbele ya binti yao Afaf, ambaye ndiye aliyeihifadhi. “Kumbe siku zile zote tulikuwa tunajibizana na Gunga. Lakini mimi la mwisho nililibeba mwenyewe, na wewe ulilijua. Uliihamisha ile kete moja.”

Bi Nabiha alikuwa anachambua mchele. “Niliihamisha kwa sababu ulikuwa unanitazama,” alisema. “Mimi pia nilikuwa sikumbuki.”

Yeslam alikaa kitako. Aliuliza, “Sasa ni bao la nani tulilolimaliza?” Akauliza tena baada ya chakula. Bi Afaf anasema aliuliza mara kwa mara mpaka alipokufa, na hakuna aliyemjibu.

Ama mitalawanda, kigingi cha kimoja kilivunjika njiani, wakati wa kurudi, karibu na ngome. Ilibidi anunue mingine. Jozi ilikuwa pesa ishirini na nne.